Nukta Mbili Pembeni ya Bolti

4 Februari

Baba Mdogo, shikamoo.

Ningekupigia simu kama watu wengine, lakini mara ya mwisho nilikuambia Mama kafanyiwa operesheni ya goti, ukanijibu kwamba huko kwako nako mvua imekatika. Basi nimesalimu amri. Tutaandikiana.

Nimerudi kukaa na Mama tangu alipotoka hospitali. Anatembea na fimbo na kutwa anailalamikia. Wateja wangu wamenifuata huku na cherehani zao mbovu, zimejaa ukumbini hadi mgeni akija anakaa juu ya kasha. Nikaona nilifagie banda la nyuma niligeuze karakana. Ndipo nilipovua turubai.

Gari la Baba liko vilevile. Lile dogo la michezo, la milango miwili, alilolipenda mpaka Mama akawa analiita mke mwenza. Mlango wa abiria bado umebonyea. Panya wamekula sponji ya viti. Injini, hutaamini, nimeisafisha kabureta wiki mbili na imewaka. Ila haliendi. Tulilisukuma watu wanne, magurudumu ya mbele yakaburuzika sakafuni kama mbuzi anayepelekwa asikotaka. Breki zimeng'ang'ania.

Nataka kuzifungua mwenyewe, na wewe ndiye utakayenielekeza. Cherehani si gari, najua. Lakini jina la Spana mlinipa wewe na Baba kwa sababu mlikuwa chini ya magari na mimi ndiye niliyewapa spana.

Sababu nitakuambia, maana wewe si mtu wa kufichwa. Nataka Mama aliendeshe, hata kama ni kutoka bandani hadi getini. Tangu ajali hajashika usukani, na kwenye gari la watu hakai mbele. Unajua yaliyosemwa msibani: kwamba walikuwa wanagombana, kwamba aliushuka mteremko kwa hasira, kwamba hakukanyaga breki, kwamba kamuua mumewe. Bibi alikufa akiwa hamsalimii. Shangazi wote wawili wanapita barabara ya juu wasipite mlangoni kwetu. Na miaka yote kumi na minne Mama amesema neno moja tu: nilikanyaga, ikazama. Lakini wewe ulilikagua gari ukasema breki nzima, kwa hiyo hakuna aliyemsikiliza. Hata mimi, Mungu anisamehe, sikujua nimwamini nani.

Nianzie wapi?

Spana


15 Februari

Spana mwanangu, marahaba.

Habari ya mvua nilikuwa na maana yangu, lakini tuyaache. Masikio yangu yamestaafu kabla yangu. Miaka arobaini ya nyundo si mchezo. Mpe shemeji pole ya goti.

Kwanza nikuulize: kuna haja gani? Gari lile limeshakula mtu. Wapo wanaoyapenda magari ya zamani hivyohivyo yalivyo, waje na lori lao walichukue. Lakini nakujua, ukishashika kitu hukiachi, hilo umelirithi. Kwa hiyo sikiliza.

Inua mbele kwa jeki, kisha weka magogo chini ya chesisi. Jeki si rafiki wa mtu. Vua magurudumu. Utaiona diski, na kalipa imeikumbatia pande zote mbili kama koleo. Kila kalipa imeshikwa kwa nyuma na bolti mbili. Zimwagie mafuta ya kulainisha kutu, nenda zako, urudi kesho. Ndani ya kila kalipa mna pistoni mbili. Zitoe kwa upepo wa kompresa, kidogo kidogo, na uweke kipande cha mbao katikati. Vidole viwe mbali, pistoni ikiruka haichagui. Nusu mbili za kalipa usizitenganishe. Pistoni yenye vishimo vya kutu itupe, msasa hauponyi shimo.

Mahali pistoni inapokaa kuna mfereji, na ndani ya mfereji kuna raba ya duara. Hiyo raba ndiyo breki yenyewe, mengine ni chuma tu. Raba mpya uilowanishe kwa mafuta safi ya breki, uipachike kwa vidole, usitumie bisibisi. Na hili nakuandikia kwa herufi kubwa: USIPAKE GRISI YA KAWAIDA, WALA MAFUTA YA INJINI, WALA HAYO YAKO YA CHEREHANI. Raba ya breki ikiguswa na vitu hivyo inavimba.

Raba za zamani zichome siku hiyohiyo. Usihangaike kuziangalia, hazina la kukufundisha.

Ukimaliza kukaza bolti, gonga nukta pembeni yake kwa panchi. Sheria ya babu yako hujaisahau: bolti isiyo na nukta haijakazwa, hata kama umeikaza. Baba yako mzaliwa wa kwanza, nukta moja. Mimi wa pili, nukta mbili. Wewe gonga tatu, maana katika ukoo mzima hakuna mwingine aliyeitaka panchi.

Baba Mdogo wako


2 Machi

Baba Mdogo, shikamoo.

Bolti nne zimenitoa jasho siku tatu. Pistoni ya kwanza ilitoka kwa kishindo ikapiga mbao, Mama akauliza kutoka jikoni ni nani kapigwa risasi. Ya nne ilitoka kwa kubembelezwa.

Raba sikuzichoma. Nisamehe, ni mazoea ya kazi yangu: kwenye cherehani, kipande kilichoharibika ndicho kinachoniambia kilichokiharibu. Nilizipanga mezani zote nne. Zimevimba, zimelegea, ukizibonyeza kucha inaacha alama. Na nyuma ya kila moja, ndani ya mfereji, nimekuta grisi. Nzito, ya kahawia, ile ya beringi za magurudumu. Imekauka lakini harufu ni ileile.

Nikazipeleka kwa mzee wa duka la vipuri. Alizigeuzageuza, akaniuliza gari hili lilimuua nani. Kisha akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto. Raba ikivimba, pistoni hairudi. Pedi, kile kibao cha kubania, inabaki inaisugua diski, kwa hiyo unaendesha huku breki imejishika yenyewe. Kwenye mteremko mrefu diski inapata moto, mafuta ya breki yanachemka, yanageuka mvuke. Hapo ukikanyaga, pedali inazama hadi sakafuni. Halafu gari likisimama likapoa, pedali inarudi kuwa ngumu, kama hakukutokea kitu.

Palepale dukani nikayasikia maneno ya Mama: Nilikanyaga, ikazama. Na mwanzoni, msibani, Mama alisema pia kwamba walisikia harufu ya kuungua tangu nusu ya mteremko, Shangazi mkubwa akamwambia harufu hiyo ni ya uongo wake.

Wewe uliikagua kesho yake, imeshapoa. Ulikanyaga ukaikuta nzima. Sikulaumu kwa hilo.

Mama bado sijamwambia. Nataka nikimwambia nimwambie jambo zima, lenye kichwa na miguu, asije akapewa nusu tena. Kwa hiyo naomba unikumbushe: ni nani aliyezifunga breki hizi mara ya mwisho?

Spana


13 Machi

Mwanangu Spana,

Mzee huyo anauza raba, ataacha kuona ubaya kwenye raba? Gari likikaa bandani miaka kumi na minne, kila kitu kinavimba, hata milango ya nyumba inavimba.

Ni nani aliyezifunga, sikumbuki. Baba yako alikuwa hatulii na gari lile. Leo kwa fundi huyu, kesho kwa yule, keshokutwa anafunga mwenyewe huku anapiga soga na wapita njia. Alikuwa kaka yangu na nilimpenda, lakini alikuwa na haraka. Kama ni yeye aliyejipakia grisi, basi ameshalipa. Usimfukue. La kuvunda halina ubani.

Na shemeji usimchanganye. Amekwishazoea. Mtu aliyezoea mzigo, ukimtua ghafla anapepesuka.

Nimekutumia kifurushi kwa basi: raba mpya za kalipa zote mbili, na chupa mbili za mafuta ya breki. Usizifungue mpaka siku ya kazi, mafuta ya breki yanakunywa unyevu wa hewa. Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili, kidole kimoja hakivunji chawa. Mmoja akanyage pedali, mwingine afungue na kufunga ile skrubu ndogo ya kutolea hewa kwenye kalipa. Mtafute jirani akukanyagie. Asiwe shemeji, goti lake halijapona.

Baba Mdogo wako


9 Aprili

Baba Mdogo,

Kifurushi kilifika salama. Raba nimezipachika kwa vidole kama ulivyosema, kila kitu kimelowana mafuta safi ya breki, kalipa zimerudi mahali pake.

Jirani aliahidi kuja akanyage, hakuja. Mama alinisikia nikilalamika, akaja bandani na fimbo yake. Sijui niliwaza nini nisimzuie. Aliingia upande wa dereva, akakaa na mikono mapajani, hakuugusa usukani. Tukaanza. Nasema, kanyaga. Anasema, nimekanyaga. Nafungua, mafuta yanatoka, nafunga. Achia. Mara ishirini hivi. Mafuta yalikuwa yanatoka safi, bila povu, lakini pedali ilikataa kusimama.

Mara ya mwisho ikaenda hadi chini kabisa. Mama akabaki ameishikilia pale sakafuni kwa mguu. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayesoma bei, "Hivi. Ilikuwa hivi." Halafu akalia. Sijawahi kumwona Mama akilia mbele ya mtu. Hata msibani hakulia, na hilo nalo walimhesabia.

Alipotulia akaniuliza, "Kwa hiyo nilikanyaga?"

Baba Mdogo, alikuwa ananiuliza kweli. Nyie mlimwambia wengi na kwa muda mrefu, mpaka yeye mwenyewe akawa hana hakika. Miaka kumi na minne hajui kama alikanyaga breki au hakukanyaga.

Sasa nikuambie nilichokuficha. Siku ya kwanza, kabla hata sijafungua kitu, nilizisugua bolti nne kwa brashi ya waya. Pembeni ya kila bolti nilikuta nukta. Si moja. Mbili. Nilijua hivyo nilipokuandikia barua ya Machi. Nilikuuliza ili uniambie mwenyewe, nikakaa siku kumi na moja naomba uniambie. Wewe ukamtupia Baba, ambaye hawezi kujitetea.

Mama nilimjibu ndiyo, alikanyaga, lakini habari ya grisi na nukta sijamwambia bado. Nakuachia.

Na pedali ingali inazama. Sijui nimekosea wapi.

Spana


30 Mei

Spana,

Barua yako haikuwa na shikamoo. Ni haki.

Nimeianza barua hii mara nyingi, na kila mara naanza na habari za afya yangu. Nimechoka kuichana. Nianze na bolti.

Nilizifunga mimi. Wiki mbili kabla ya safari ile. Baba yako alitaka kumpeleka shemeji kwa dada zetu, akasema breki zinavuja kidogo, nikazifungua mchana mmoja nyuma ya nyumba ya bibi yako. Raba mpya nilikuwa nazo. Mafuta ya breki yalikuwa kidogo, yanatosha kujaza tu, nikaona uvivu kwenda mjini. Babu yako alitufundisha chuma hakifungwi kikavu, na yeye alipaka grisi kila kitu, hadi bawaba za kabati. Nilikuwa nimeshasikia kwamba raba za breki hazitaki grisi. Nikasema, kidogo tu haidhuru. Nikapaka kwa kidole hiki. Nikagonga nukta zangu kwa majivuno.

Siku ya pili ya ajali askari aliniita nilikague gari kwa kuwa mimi ni fundi na ni wa nyumbani. Nilikanyaga pedali, ngumu. Nikavua gurudumu. Diski ilikuwa imegeuka rangi ya bluu, Spana. Fundi yeyote anajua bluu ile ni ya moto. Askari akauliza, vipi fundi? Nikarudishia gurudumu, nikasema, breki nzima. Nilijiambia sijasema uongo, kwa sababu pedali ilikuwa nzima.

Msibani, bibi yako alimnyooshea shemeji kidole akasema, huyu kamuua mwanangu. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwao. Nilifungua mdomo niseme. Nikaomba maji.

Baada ya hapo nikahama. Mlidhani ni kazi. Na haya masikio, nyundo ni kweli, lakini yalipoanza kufa nilishukuru. Ila roho haina sikio la kuziba, inanisuta kila siku kwa sauti ileile. Kaka yangu nilimsingizia nikiwa na akili zangu timamu, mwezi wa tatu, kwa kalamu hii. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote, maana grisi ilikuwa ujinga, lakini hili sikuwa mjinga.

Pedali yako: umefunga kalipa ya kushoto upande wa kulia, na ya kulia kushoto. Zinafanana kama mapacha, na bolti zinaingia bila ubishi. Angalia skrubu za kutolea hewa, utazikuta zimeelekea chini. Zinatakiwa ziwe juu. Hewa hupanda, inajificha juu ya kalipa, huku chini yanatoka mafuta safi na wewe unadhani umemaliza. Zibadilishe, pedali itasimama.

Karatasi ya pili ni ya shemeji. Sikuifunga kwa gundi. Isome kwanza, na ukiona itamuumiza kuliko itakavyomtua, ichome. Safari hii sisemi hivyo kwa ajili yangu. Hapana, nimeanza tena. Nasema kidogo kwa ajili yangu.

Baba Mdogo wako, kama bado


14 Juni

Shemeji,

Mwanao amenisomea barua zote, si karatasi yako peke yake. Tulikaa bandani, yeye kwenye kasha, mimi kwenye kiti cha dereva mlango ukiwa wazi kwa sababu ya goti. Alisoma hadi ya mwisho bila kuruka. Nilimwambia akiruka nitajua.

Nikuambie kilichoniuma. Grisi haikuniuma. Mikono ya fundi inakosea. Marehemu mwenyewe, angepona, angekutukana asubuhi na jioni mngecheka pamoja. Grisi ningekusamehe kabla udongo wake haujakauka.

Kilichoniuma ni maji uliyoomba. Nayakumbuka. Watu walikuwa wamenipa mgongo, hakuna aliyekusikia, nikainuka mimi. Mimi ndiye niliyekuletea maji yale, Shemeji. Ulipokea kwa mikono miwili, ukanywa, ukanirudishia kikombe. Nilikushukuru moyoni kwa sababu wewe peke yako siku ile ulipokea kitu kutoka mkononi mwangu. Nimeibeba shukrani hiyo miaka kumi na minne. Nilikuwa nikiwaambia watoto, mseme mtakavyo kuhusu upande wa baba yenu, lakini baba yenu mdogo ni mtu.

Mguu wangu wa kulia unakanyaga kitandani. Kila siku, usingizini. Nilikwenda hadi kwa daktari, akasema ni mishipa. Nikaanza kufikiri labda ni mguu unaotubu, labda kweli sikukanyaga, labda hasira ilinishika nikamuua mume wangu kisha nikasahau. Tulikuwa tunagombana, hilo walisema kweli. Tuligombana kuhusu harufu. Mimi nasema kuna kitu kinaungua, yeye anasema mdogo wangu kazifunga juzi tu, kuliko mdogo wangu hakuna fundi.

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Sikuyasema popote kwa sababu niliona yatakuumiza.

Kalipa zimebadilishwa, skrubu ziko juu. Tulikanyaga mara nane tu, ya tisa pedali ikasimama. Binti kagonga nukta tatu pembeni ya kila bolti. Matairi tumeazima. Juzi nililiendesha hadi getini, nikalirudisha kinyumenyume, jana nikazunguka mtaa.

Sasa uje. Wifi zangu wote wawili nimewaita Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, na wamekubali, nadhani wanafikiri nakufa. Utasema mbele yao kwa mdomo wako, palepale waliposema wao. Usisingizie masikio. Wewe utasema, watakaosikia ni wao.

Ukimaliza tutapanda gari, mimi na wewe, tuushuke mteremko ule hadi mwisho. Nitaendesha mimi. Wewe utakaa kiti chake. Mlango wa abiria umebonyea haufunguki, itabidi uingilie upande wangu.

Msamaha sijakuahidi, Shemeji. Nakuahidi breki.

Mke wa kaka yako